Taa Nyeupe za Rra Tebatso

Gaolathe Motsumi, ambaye mji wote wa Mahalapye ulimwita Rra Tebatso, yaani Baba Tebatso, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alikuwa mtunza stoo wa shule, na kwa zaidi ya nusu ya maisha yake alikuwa mtu wa kuomba lifti. Kila alipotaka kwenda msibani, harusini au kuangalia mifugo, alisimama kando ya lami na wenzake, mkono ameunyoosha, kiganja kikipunga chini chini kama cha mtu anayembembeleza mtoto alale. Gari likisimama, viti vya mbele vilikuwa vya wengine. Yeye alipanda nyuma ya pikapu katikati ya magunia na mbwa, akashuka nywele zimejaa vumbi na koti limebadilika rangi. Hakuna aliyemcheka kwa hilo, maana nusu ya mji husafiri hivyo hivyo. Lakini Rra Tebatso alikuwa na masikio ya kusikia kicheko hata pale ambapo hapana mtu.

Mtu wa namna hiyo akipata gari, majirani wajiandae. Aliuza ng'ombe wake wawili, na hao ndio aliokuwa nao, akanunua kigari cha mtumba kutoka Japani, cheupe, kifupi, ambacho mtu mrefu huingia kwa kujikunja. Mkewe, Mma Tebatso, alimuuliza kwa upole kama gari nalo litazaa. Akajibu kwamba ng'ombe hampeleki mtu kanisani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kasoro ilikuwa taa. Vioo vyake vilikuwa vimepauka vikawa vya njano, na gizani vilitoa mwanga wa kibatari. Alivisugua kwa dawa ya meno kama watu walivyomshauri, vikang'aa kwa muda, kisha vikaurudia umanjano wao. Walimu vijana pale shuleni wakasema gari la Rra Tebatso haliioni njia, linaipapasa. Walisema kwa mzaha na kabla ya chai walikuwa wamekwisha kusahau. Yeye hakusahau. Alifunga safari hadi Gaborone, na kwenye vibanda vya karibu na stendi ya mabasi akanunua balbu mbili nyeupe, nyeupe ya kuelekea buluu, ambazo muuzaji aliapa kwamba zinageuza usiku kuwa mchana.

Muuzaji hakusema uongo wote. Jioni ile Rra Tebatso alipoziwasha uani kwake, majirani walitoka kuangalia kuna nini. Ila mwanga mwingi ni kitu kimoja na mwanga wa kufaa ni kitu kingine. Ndani ya taa ya gari mna bakuli linalong'aa, lililotengenezwa lishike mwanga wa balbu yake yenyewe na kuutuma mbele, chini, upande wa kushoto. Ukilitia balbu isiyo yake, mwanga hutapakaa kama maji ya karai lililopinduka. Taa za Rra Tebatso zilimulika vilele vya miiba, zilimulika macho ya waliokuwa wakija, na mbele ya boneti zilimwaga weupe mithili ya unga. Baada ya weupe huo palikuwa na giza zito kuliko la zamani. Yeye aliangalia unga wake akaridhika kwamba anaona mbali.

Sasa, kila anayeendesha gari kwetu huijua desturi hii: ukipita ng'ombe au punda barabarani, ukakutana na gari linaloelekea huko, unalipiga taa mara mbili. Huna haja ya kumjua mwenyewe. Barabara zetu nyingi hazina uzio wa maana, na wakati wa baridi mifugo hupenda kusimama juu ya lami kwa sababu ina joto la mchana. Watu wengi wamezikwa kwa kukosa mtu wa kuwapigia taa mara mbili.

Basi, tangu siku ile, kila gari lililokutana na Rra Tebatso gizani lilimpiga taa. Mwanzoni alipunguza mwendo, akatoa macho, akatafuta ng'ombe. Hapakuwa na ng'ombe. Akapigwa taa tena, akapunguza tena, hapakuwa hata na mbuzi. Mma Tebatso alimwambia labda taa za gari lao zinawaumiza watu macho. Rra Tebatso alilifikiria jambo hilo kwa muda wa kumeza mate, akalitupa. Aliamua kwamba wanamsalimu. Baadaye, alipoona wengine wanapiga na honi, aliamua kwamba wana wivu. Akaacha kupunguza mwendo.

Hayo yote yangebaki kichekesho cha mji kama dada yake asingekuwa na kijana wa kuoa. Kijana huyo, Thuso, alifanya kazi kwenye mgodi wa almasi kule Orapa, na baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Alimpenda Boitshepo, binti wa kijiji cha Shoshong, na kwa miaka miwili alikuwa akitafuta ng'ombe wanane wa mahari kwa jasho lake. Kwetu kijana hajiposei. Anakaa nyumbani na mama yake, wakati watu wazima waliooa na kuolewa wanakwenda kwa kina binti alfajiri, na msemaji mkuu ni mjomba. Ng'ombe nao hufika asubuhi ileile, na hawafiki kwa hesabu ya witiri. Wakipungua mmoja, wenye binti wana haki ya kukunja mikeka na kuwaambia wageni warudi siku nyingine. Thuso alibakiwa na siku chache za likizo, na kurudi siku nyingine maana yake ilikuwa mwaka mwingine.

Ng'ombe walikuwa porini, kwenye zizi lisilo mbali na barabara ya Shoshong, wakichungwa na mtu mmoja mkimya aitwaye Molatlhegi. Aliitumikia familia ile tangu Thuso akiwa mtoto, na ujira wake ulikuwa chakula, fedha kidogo na ndama wa mara moja moja. Ilipangwa awatoe wanyama kukiwa bado giza, awaswage kwa miguu hadi kwa kina binti. Wengi wa ukoo wakatangulia kwa pikapu ya baba mdogo wa Thuso. Rra Tebatso alisema mjomba hawezi kufika kwenye posa mgongoni mwa pikapu ya mtu. Atakwenda na gari lake.

Wakatoka kabla ya alfajiri, baridi ikiuma. Mbele alikaa yeye na mkewe. Nyuma alikaa shangazi yake Thuso, Mma Olebile, amejifunika shali kubwa la wanawake walioolewa, magoti yamegusa kidevu, akilalamika kwamba Wajapani lazima ni watu wasio na miguu. Rra Tebatso alikuwa akirudia maneno yake ya posa chini kwa chini. Alikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anakwenda mahali ambapo watu wangesimama kumpokea.

Karibu na Shoshong pikapu moja ilitokea mbele yao. Ikiwa bado mbali, ikawapiga taa mara mbili.

"Ng'ombe hao, Rra Tebatso," mkewe akasema.

"Mama, hawa wote hupiga. Nikisimama kwa kila mwenye wivu, tutamkuta Boitshepo ameshakuwa bibi."

Pikapu ikapiga tena, safari hii kwa muda mrefu, kisha ikayumba, tairi zikaingia kwenye changarawe, ikawapita ikipiga honi kama iliyotiwa wazimu. Mma Olebile akageuka nyuma kuitazama. Akasema mtu yule alikuwa karibu kuingia mtaroni, na Rra Tebatso akamwambia ajifunike vizuri.

Mbele, nje ya ule weupe wa taa zake, palikuwa na kinuru kidogo cha njano kilichokuwa kikipanda na kushuka. Alikiona. Hili lisemwe wazi, maana baadaye lilisemwa vingine. Alikiona akakielewa mara moja: mtu anapunga tochi, anaomba lifti. Na moyoni mwake, yeye aliyepunga mkono kando ya lami hiyo hiyo miaka yote, akajibu kwamba gari limejaa.

Ng'ombe walitokea ndani ya weupe wote kwa mkupuo, makalio na mikia. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likasota, likampiga wa karibu miguu ya nyuma, jike mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, akaanguka juu ya boneti kisha akateleza chini. Taa ya kulia ikavunjika. Ng'ombe akaanza kulia.

Molatlhegi alikuja na tochi mkononi, bado inawaka. Hakupiga kelele. Aliwauliza wanawake kama wameumia, wakasema hapana. Akammulika ng'ombe, akaona nyonga imevunjika, akaenda kutafuta kisu. Rra Tebatso alisimama pale akimtazama mnyama, na alipotambua alama ya sikioni akajua kwamba ni wa mahari ya Thuso, na kwamba sasa wako saba. Mkewe ndiye aliyemrudisha kwenye gari, akamwambia jua linakaribia, na watu wanangoja.

Walifika na taa moja. Ndugu wa kiume na wenyeji walikuwa wamekwisha kuketi, wake zao kwenye mikeka upande wa pili na mashali yao. Hakuna aliyetazama gari kwa namna aliyoitamani Rra Tebatso. Watu waliangalia boneti iliyokunjamana, damu kwenye bampa, na manyoya mekundu yaliyokwama kwenye taa iliyopasuka. Baba mdogo wa Thuso akauliza kuna nini. Rra Tebatso alifungua kinywa ili aseme ukweli. Ndivyo alivyojiambia baadaye, na huenda ni kweli. Ila wote walikuwa wakimtazama, na kile kicheko cha pasipo mtu kikamjaa masikioni, na kilichotoka kinywani kikawa kingine.

"Ni mchungaji. Ameswaga ng'ombe gizani bila tochi. Mtu angemwonaje?"

Mma Tebatso aliinamisha kichwa. Mma Olebile, ambaye hakuwahi kunyamaza hata kanisani, alinyamaza. Walikuwa ndani ya gari. Walikiona kile kinuru cha njano kama alivyokiona yeye. Lakini mke humwumbuaje mumewe mbele ya wakwe, siku ya posa? Wakafunika kombe mwanaharamu apite.

Jua lilikuwa limechomoza Molatlhegi alipofika na ng'ombe saba, suruali ina damu hadi magotini. Wakamwita mbele ya wazee hata maji hajapewa. Akavua kofia. Mzee mmoja wa kwa kina binti akamuuliza ni mchungaji gani anayetembea na mahari ya watu gizani bila mwanga. Molatlhegi akamtazama Rra Tebatso. Hakumtazama kwa hasira, na hilo ndilo Rra Tebatso alilokuja kulikumbuka kila alipofumba macho. Alimtazama kama anayeuliza, wewe wataka niseme nini? Rra Tebatso akaangalia chini.

"Ni kweli, wazee," Molatlhegi akasema. "Tochi ilinizimikia. Nisameheni."

Wakamsema. Wakamsema sana, vijana kwa wazee, kila mtu na neno lake. Kisha baba mdogo wa Thuso, aliyetaka kuiokoa siku, akakumbuka kwamba Molatlhegi ana mtamba wake mmoja kule zizini, aliyekuzwa tangu ndama. Alipe kwa huyo. Aletwe leo kabla jua halijazama, na hesabu itimie. Wenyeji wakateta pembeni, wakarudi wakasema wameridhika. Upande wa wanawake vigelegele vikapanda. Molatlhegi alivaa kofia yake akaenda kukaa nyuma ya zizi, na mtu akampelekea bakuli la uji wa mtama. Mma Tebatso hakupiga kigelegele. Mumewe alimwona.

Na Rra Tebatso alisema maneno yake ya posa. Aliyasema vizuri, hakukosa hata moja, na kila neno lilikuwa na ladha ya majivu kinywani mwake.

Alipokuwa akinawa mikono kwa ajili ya chakula, mtu mfupi mwenye koti la kahawia alikuja akasimama kando yake. Alikuwa Rra Gofaone, mjomba wa Boitshepo. Alikuwa amechelewa kufika kikaoni, kwa sababu alikwenda kumchukua dada yake mwingine kijiji cha mbele. Akamwambia Rra Tebatso kwamba posa imemfurahisha. Kisha akaongea polepole, kama mtu anayeulizia hali ya mvua.

"Ile pikapu iliyokupiga taa ni yangu, mjomba mwenzangu. Nilikupiga mara mbili, nikakupiga tena. Ulinipofusha, nikaingia kwenye changarawe na kumshukuru Mungu. Nilipotulia niligeuza gari, nikamkuta yule bwana peke yake na mzoga, nikamsaidia kuuvuta kando kabla ya kumfuata dada. Tulifanya kazi ile kwa mwanga wa tochi yake."

Rra Tebatso alisimama na maji yakichuruzika kwenye vidole.

"Mimi sitasema kitu," Rra Gofaone akaendelea. "Boitshepo ni mwanangu, nataka aolewe. Nimekuambia tu ili usifikiri hakuna anayejua."

Akaondoka kwenda kula. Kuna aibu za aina mbili, ya kuonwa na ya kujiona, na Rra Tebatso maisha yake yote alikuwa ameikimbia ile ya kwanza hata asijue kwamba ya pili ipo. Sasa ilimshika shingoni. Aliwatazama wanaume wakicheka na mabakuli yao ya nyama. Hakuna aliyekuwa akimcheka. Walimwita aje aketi mahali pa mjomba, na pale mahali pa mjomba ndipo aliposhindwa kukaa.

Akapiga magoti mbele ya wazee, kofia mkononi, watu wazima wakashtuka, maana mjomba hapigi magoti siku ya posa. Akasema Molatlhegi alikuwa na tochi. Akasema tochi aliiona, akadhani ni mtu anaomba lifti, akampita. Alipolitamka hilo la lifti akalia kama mtoto, mbele ya wakwe, na kamasi juu.

Hakuna aliyemwinua. Baba mdogo wa Thuso alimuuliza basi atalipa kwa ng'ombe yupi. Akasema hana ng'ombe. Ana gari.

Mzee wa kwa kina binti akaliangalia lile gari lenye jicho moja, akauliza linakamuliwa mara ngapi kwa siku. Watu walijizuia, wakashindwa. Kicheko kikaanzia kwa vijana kikafika kwenye mikeka ya wanawake, kicheko halisi sasa, cha watu wenye meno. Mma Olebile peke yake hakucheka. Alifuta macho kwa ncha ya shali lake akasema kwamba na yeye alikuwa ndani ya gari, na mdomo wake alikuwa nao, na kama kuna wa kuchekwa wamcheke na yeye.

Ikakubaliwa kwamba mtamba wa Molatlhegi atakuja vilevile, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kufika siku ile, na kwamba Rra Tebatso atauza gari na kumnunulia mwenzake mtamba mwingine, wa kuchagua Molatlhegi mwenyewe. Wenyeji wakasema posa imesimama. Msemaji wa siku ya harusi, wakaongeza, atakuwa baba mdogo.

Rra Tebatso akaomba aende naye kumleta mnyama. Wakatoka kwa miguu, jua likiwa utosini, mmoja mbele na mwingine nyuma, katikati ya miiba na nyasi zilizokauka. Zizi lilipokaribia, Rra Tebatso akamshukuru. Akamwambia hakustahili kufunikwa namna ile, na kwamba hajui atamlipa nini kwa kumwonea huruma.

Molatlhegi hakupunguza mwendo wala hakugeuka.

"Sikukuonea huruma, rra," akasema. "Thuso nimemlea mimi kule zizini, likizo zote za shule. Nilitaka aoe. Wewe sikukufikiria."